Nyonga bandia bila saruji: shina lipi hutulia kwenye mfupa gani

Mtu akishaambiwa kwamba nyonga yake imechakaa na inabidi ibadilishwe, maswali yake mengi huelekea kwenye vitu vinavyosikika haraka: kichwa kitakuwa cha kauri au cha chuma, kovu litakuwa refu kiasi gani, atalazwa siku ngapi. Sehemu inayoamua kwa kiasi kikubwa kama atakuwa anatembea bila maumivu miaka 20 baadaye huulizwa mara chache sana. Ni kile kipande kirefu cha chuma kinachogongewa ndani ya mfupa wa paja, ambacho hapa nitakiita shina. Shina likitulia, sehemu nyingine zote zinapata nafasi ya kufanya kazi. Likicheza, hakuna kauri wala plastiki itakayoiokoa nyonga hiyo.

Makala haya yanalinganisha maumbo makuu ya mashina yanayowekwa bila saruji ya mfupa, yaani ile saruji ya akriliki inayoganda na kulishika shina ndani ya paja. Nimemwandikia mgonjwa na ndugu zake wanaojiandaa kwenda kuzungumza na daktari, ingawa mtabibu kijana anayeanza wodi ya mifupa naye atapata la kuchukua. Hayawezi kuchukua nafasi ya daktari aliyeiona picha yako ya eksirei, lakini yatakusaidia kujua umuulize nini.

Vigezo kwanza

Uthabiti wa shina huja kwa hatua mbili. Ya kwanza hupatikana mezani siku ya upasuaji. Daktari huchonga nafasi ndani ya mfupa kwa tupa maalumu zinazoongezeka ukubwa moja baada ya nyingine, kisha hugongea shina ambalo ni nene kidogo kuliko nafasi hiyo, na mfupa hulibana. Hatua ya pili ni kazi ya mwili wenyewe: katika wiki na miezi inayofuata, mfupa mpya huota juu ya uso wa shina au kuingia kwenye vitundu vyake na kulishikilia. Hatua ya pili haiji kama ya kwanza haikupatikana. Hilo ndilo jambo ninalotamani kila msomaji aondoke nalo, kwa sababu watu wengi hudhani mfupa utaota tu kwa kuwa chuma ni kizuri.

Na kipimo cha kutulia ni kidogo mno. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama tangu miaka ya 1980 yalionyesha kwamba shina likicheza chini ya takriban mikromita 40 kila mguu unapobeba uzito, mfupa huota na kulishika. Likicheza zaidi ya mikromita 150, mwili huacha kujenga mfupa na kuweka utando wa nyuzinyuzi badala yake. Katikati ya namba hizo kuna mchanganyiko, mfupa kidogo na nyuzi kidogo. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100, kwa hiyo pengo lote tunalolizungumzia linakaribia unene wa unywele mmoja.

Sasa fikiria nguvu zinazotaka kulisogeza shina hilo. Mjini Berlin, Georg Bergmann na wenzake waliweka vipima nguvu ndani ya nyonga bandia za wagonjwa walioridhia, wakasoma namba moja kwa moja kutoka mwilini. Kutembea kwa kawaida kuliibana nyonga kwa takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kujikwaa kulipandisha nguvu hiyo hadi zaidi ya mara saba. Kupanda ngazi hakukuongeza sana nguvu ya kubana, lakini kunafanya jambo lingine baya zaidi: kichwa cha nyonga husukumwa kuelekea nyuma na shina zima husokotwa ndani ya mfupa. Kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ukisikia shina fulani linasifiwa kwamba halizami, uliza pia kama halisokotwi. Kwa maoni yangu msokoto ndio mtihani mgumu zaidi wa wiki za mwanzo.

Kigezo cha tatu ni mfupa wenyewe. Daktari Lawrence Dorr aliigawa mifupa ya paja katika makundi matatu ambayo wapasuaji huyatumia hadi leo. Kundi A lina kuta nene, ni pana juu na huwa jembamba ghafla kadiri unavyoshuka. Kundi B liko katikati. Kundi C lina kuta nyembamba na mfereji mpana wa uboho, juu na chini karibu sawa, na huonekana zaidi kwa wazee, hasa wanawake waliopita ukomo wa hedhi. Shina moja linaweza kutulia vizuri kwenye B, likabanwa mahali pasipofaa kwenye A, na likazama au kuupasua mfupa kwenye C.

Kigezo cha nne kinahusu miaka ya mbele. Mfupa usiobebeshwa mzigo hupungua, jambo ambalo Julius Wolff alilieleza tangu 1892. Ugumu wa mfupa wa ganda la nje haufiki gigapaskali 20 au huzunguka hapo. Aloi ya titani ina takriban 110, na aloi ya kobalti na kromi inazidi 200. Shina gumu linalobeba mzigo wote na kuupeleka chini kabisa huiacha sehemu ya juu ya mfupa bila kazi, na sehemu hiyo hukonda taratibu hata kama shina lenyewe halijatikisika.

Kila shina hapa chini nimelipima kwa mambo hayo: linashika wapi, linavyostahimili miezi ya mwanzo, linavyouacha mfupa baada ya miaka, na linamfaa nani.

Kabari bapa

*Linashika wapi.* Hili ni jembamba ukilitazama kwa ubavu na pana ukilitazama kwa mbele. Hushuka hadi kingo zake mbili zigote kwenye ganda gumu la mfupa, upande wa ndani na upande wa nje, juu karibu na shingo ya mfupa. Sehemu yake ya juu ndiyo yenye uso wa vitundu, kwa kawaida vya upana wa mikromita 100 hadi 400, ukubwa ambao mfupa huupenda. Sehemu ya chini huwa laini.

*Miezi ya mwanzo.* Kadiri uzito unavyolisukuma chini ndivyo linavyozidi kukaza, na ubapa wake hulizuia kuzunguka. Hutayarishwa kwa tupa tu, bila kekee, kwa hiyo mfupa mwingi hubaki. Udhaifu wake hujitokeza kwenye mfupa wa kundi A: ncha ya chini hukwama kwenye mfereji mwembamba kabla sehemu ya juu haijashika. Picha baada ya upasuaji huonekana nzuri, shina limenyooka na limejaa, kumbe linaegemea pasipo na vitundu. Huko juu linachezacheza, na mgonjwa hulalamika paja. Watengenezaji walilijibu tatizo hili kwa kuifanya ncha kuwa fupi na nyembamba zaidi, na mpasuaji anayelijua huitanua sehemu ya chini kidogo kabla ya kugongea. Kwenye kundi C hatari hugeuka: kabari ni kabari, na ukuta mwembamba unaweza kupasuka chini ya nyundo au kwenye wiki za kwanza za kutembea.

*Miaka ya mbele.* Mzigo hubaki juu, titani husaidia, na kukonda kwa mfupa huwa kwa kiasi. Aina hizi zimetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na rekodi zake ndefu ni nzuri.

*Linamfaa nani.* Mtu mwenye umri wa kati, mfupa imara wa kundi B au A isiyo kali, umbo la kawaida. Pia anayefanyiwa upasuaji kwa njia ya mbele ya nyonga, kwa kuwa umbo bapa na fupi huingia kwa urahisi kwenye nafasi hiyo finyu.

Shina la pande nne lenye haidroksiapataiti mwili mzima

*Linashika wapi.* Falsafa yake ni tofauti na ya kabari. Halitafuti kugota kwenye ganda gumu. Tupa zake hazikati mfupa laini wa ndani, huushindilia ukawa tabaka zito linalolizunguka shina. Juu ya titani hupakwa haidroksiapataiti, madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe, na mwili huyakubali kama sehemu ya kujengea. Ronald Furlong aliweka shina la kwanza la namna hii jijini London mwaka 1985, na mwaka uliofuata nchini Ufaransa ukaanza kutumika muundo wa Corail, ambao huenda ndio uliofuatiliwa kwa muda mrefu kuliko wote wa jamii hii. Tabaka lake la haidroksiapataiti lina unene wa takriban mikromita 150.

*Miezi ya mwanzo.* Mifereji ya mlalo sehemu ya juu huzuia kuzama, ya wima sehemu ya chini huzuia kuzunguka. Madini hayo huharakisha mfupa kuota na huweza kuvuka pengo dogo ambalo chuma kitupu kisingelivuka. Lakini usidanganyike kwamba rangi hiyo nyeupe inafidia shina dogo. Kosa linalojirudia zaidi ni kuchagua saizi pungufu, kwa sababu tupa ilikwama mapema na mpasuaji akadhani amefika.

Hapa ndipo swali la kola linapoingia. Kola ni mdomo mdogo unaokaa juu ya ukingo wa mfupa pale shingo ilipokatwa. Kwa miaka mingi wapasuaji wengi waliiona haina faida, wakihofia inazuia shina lisijikaze lenyewe. Takwimu za sajili ya kitaifa ya viungo bandia ya Uingereza zimenishawishi kinyume: mashina ya jamii hii yenye kola yameonyesha mifupa michache zaidi iliyovunjika mapema kando ya shina kuliko yasiyo na kola. Maelezo yake yanaingia akilini. Shina likianza kuzama na kusokotwa, kola hugusa mfupa na kulizuia lisiendelee kupanua ufa. Kama daktari wako anatumia muundo unaopatikana kwa namna zote mbili, hili ni swali la kuuliza bila aibu.

*Miaka ya mbele.* Haidroksiapataiti huyeyuka taratibu na nafasi yake huchukuliwa na mfupa uliogusana na titani. Mzigo husambazwa kwenye eneo refu, na maumivu ya paja ni machache. Kulitoa shina lililoshikwa vizuri kunahitaji subira na zana nyembamba.

*Linamfaa nani.* Kundi pana sana, kuanzia vijana hadi wenye umri wa miaka ya sabini walio na mfupa wa kuridhisha. Panapokuwa na shaka kidogo juu ya uimara wa mfupa, kola huliongezea nafasi.

Mstatili unaokaza kwenye pembe

*Linashika wapi.* Karl Zweymüller wa Vienna alianza kuliweka mwaka 1979. Lina umbo la mstatili ukilikata kwa mlalo, nalo hupungua polepole kuelekea chini. Pembe zake nne hukata kidogo kwenye ganda gumu ndani ya mfereji, chini ya eneo ambalo kabari bapa hushika. Kati ya pembe, nafasi hubaki wazi na mishipa ya damu ya uboho hurudi.

*Miezi ya mwanzo.* Kwa msokoto, sioni umbo linalolishinda kwa urahisi. Kitu chenye pembe nne kilichokwama ndani ya mfereji wa mviringo hakina njia ya kuzunguka. Uso wake hauna vitundu, umekwaruzwa kwa chembechembe ngumu hadi ukawa na mikwaruzo ambayo mfupa huiotea. Kwa kuwa linategemea ganda gumu, halidai sana ubora wa mfupa laini wa juu.

*Miaka ya mbele.* Ufuatiliaji wa zaidi ya miaka 20 umeonyesha mashina machache sana yaliyolegea. Gharama yake ni kwamba mzigo hushuka chini, na kwenye picha za eksirei mara nyingi huonekana mistari ya giza sehemu ya juu, pande zote mbili za shina. Mistari hiyo humtisha mgonjwa aliyepewa picha yake mkononi, na hata daktari asiyelijua shina hili. Yenyewe peke yake haimaanishi limelegea, mradi sehemu ya kati na ya chini imeshikwa.

*Linamfaa nani.* Mtu ambaye mfupa wake wa juu umeharibika au umebadilika umbo, lakini mfereji wa chini ni mzima. Wengine hulitumia hata kwenye mfupa wa kundi C, ila kwa tahadhari ileile ya kupasuka.

Silinda ndefu yenye vitundu mwili mzima

*Linashika wapi.* Chini kabisa, kwenye sehemu nyembamba ya mfereji. Mfupa huchimbwa kwa kekee hadi ukawa bomba la kipimo kamili, na silinda hukwaruza ikiingia. Ili itulie, inahitaji kugusana na ganda gumu kwa urefu wa takriban sentimita 4 hadi 6. Mfano uliofungua njia ni AML, ulioanza kutumika mwaka 1977 na kufuatiliwa kwa makini na Charles Engh nchini Marekani. Mengi tunayoyajua ya kusoma kwenye eksirei kama mfupa umelishika shina yalitokana na wagonjwa hao.

*Miezi ya mwanzo.* Ikipata sentimita zake, haitikisiki.

*Miaka ya mbele.* Na hapo ndipo panapouma. Aloi ya kobalti na kromi ikiwa nene, inabeba karibu kila kitu. Mfupa wa juu hukonda, na baadhi ya wagonjwa hupata maumivu ya paja yasiyoisha ingawa shina limeshikwa barabara. Ikitokea maambukizi na ikabidi litolewe, mara nyingi mfupa hukatwa kwa urefu ili kulifikia.

*Linamfaa nani.* Kwa upasuaji wa kwanza wa mtu mwenye mfupa wa kawaida, naona mashina mengine humfaa zaidi. Nafasi yake ya haki ni upasuaji wa marudio, pale mfupa wa juu umeliwa na ganda la chini ndilo pekee lililobaki la kushikia. Hata huko limepungua kutumika kadiri koni za titani zilivyoenea.

Koni yenye mbavu, na shina la vipande

*Linashika wapi.* Heinz Wagner wa Ujerumani alibuni koni ya titani yenye mbavu ndefu kali zinazojichimbia kwenye ganda kadiri koni inavyozama. Kwa kuwa ni ya mviringo, mpasuaji huigeuza upande anaoutaka kabla ya kuigongea.

*Miezi ya mwanzo.* Mbavu huzuia msokoto vizuri sana. Kuzama ndiko kunakohitaji jicho: koni ndogo mno hushuka milimita kadhaa kabla ya kukaza, na mguu hufupika.

*Miaka ya mbele.* Titani na mbavu huacha nafasi kwa mfupa kujijenga, na kwenye marudio mara nyingi mfupa wa juu huonekana ukirudi. Mashina ya vipande hutenganisha sehemu ya kushika na sehemu ya kuelekeza, hivyo kila moja huchaguliwa kwa saizi yake, lakini kila kiungo cha chuma na chuma ni mahali pengine panapoweza kusagika, kupata kutu au kuvunjika.

*Linamfaa nani.* Aliyezaliwa na nyonga isiyokaa vizuri kwenye kikombe chake, ambaye shingo ya mfupa wake imejipinda kuelekea mbele kupita kiasi na mfereji ni mwembamba. Pia marudio.

Shina fupi

*Linashika wapi.* Kwenye shingo na sehemu ya juu kabisa ya mfupa, likiacha mfereji wa chini bila kuguswa.

*Miezi ya mwanzo.* Linategemea ubora wa mfupa wa juu kuliko shina lolote hapa, na kwa kuwa halina urefu wa kujielekeza, ni rahisi kuliweka likiwa limeinama. Linaweza kuzama kidogo wiki za mwanzo kisha likatulia.

*Miaka ya mbele.* Mzigo hubaki juu, jambo jema kwa mfupa, na marudio yakihitajika huko mbele kuna mfupa wa kutosha. Miundo mingi ya sasa haijafuatiliwa kwa muda mrefu kama mashina ya kawaida.

*Linamfaa nani.* Kijana mwenye mfupa imara, mbele ya mpasuaji anayeliweka mara kwa mara.

Saruji haijaondoka

Ulinganisho huu ungekuwa pungufu kama ningenyamaza kuhusu chaguo la kutofuata njia hii kabisa. Tangu John Charnley alipoanzisha nyonga ya kisasa huko Wrightington mwaka 1962, saruji ya akriliki imekuwa ikilishika shina dakika ileile inapoganda, bila kusubiri mfupa uote. Kwa mzee mwenye mfupa wa kundi C, na hasa aliyevunjika shingo ya paja baada ya kuanguka, sajili za nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba shina la saruji huvunja mfupa kwa nadra kuliko lisilo na saruji. Lina hatari yake: wakati saruji inashindiliwa, shinikizo la damu na oksijeni vinaweza kushuka ghafla, hasa kwa mwenye moyo au mapafu dhaifu. Daktari wa usingizi lazima awe amejiandaa. Mzee akipendekezewa saruji, asidhani amepewa cha zamani kwa sababu ya umri au mfuko wake.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Una umri chini ya miaka 60, mfupa mzuri, nyonga imechakaa kwa baridi yabisi ya kawaida, ile ya kulika kwa gegedu: kabari bapa, shina la pande nne na mstatili yote yana rekodi ya kukufaa. Tofauti kati yao kwako ni ndogo kuliko tofauti kati ya mpasuaji anayeliweka shina hilo kila wiki na anayeliweka kwa nadra. Muulize analitumia lipi zaidi, na kwa nini.

Picha yako inaonyesha mfereji mwembamba na kuta nene: uliza ncha ya shina itakaa wapi. Kijana mwenye selimundu aliyepoteza kichwa cha paja kwa kukosa damu anaweza kuwamo kwenye kundi hili, na kwake mfereji unaweza kuwa umezibwa na mfupa mgumu kama jiwe. Huyo anahitaji vipimo vilivyopangwa kabla, mashina madogo yaliyo tayari chumbani, na mpasuaji aliyewahi kufungua mfereji wa namna hiyo bila kutoboa ukuta.

Una zaidi ya miaka 75, au uliwahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu: ongea kwanza kuhusu saruji. Kama kuna sababu ya kuikwepa, ulizia shina lenye kola, na ulizia kama watakuwa na waya za kufungia mfupa endapo utapata ufa. Ufa ukionekana mezani na kufungwa, shina kwa kawaida hutulia. Usioonekana ndio unaorudisha mtu hospitali.

Nyonga yako haikuumbika vizuri tangu utotoni: omba picha za CT kabla ya kuamua. Koni au shina la vipande huenda likafaa kuliko kabari, kwa sababu kabari hufuata mpindo wa mfupa wako upende usipende.

Unavuta sigara, au eneo la nyonga liliwahi kupigwa mionzi ya kutibu saratani: mwambie daktari hata kama hakuuliza. Vyote viwili hudhoofisha uwezo wa mfupa kuota, na mionzi hasa inaweza kugeuza uamuzi wote kuelekea saruji.

Unafanyiwa marudio: swali kuu ni mfupa gani umebaki. Kama wa juu haupo, mazungumzo yawe kati ya koni ya titani na silinda, na yahusu ni sentimita ngapi za ganda zuri zimebaki za kushikia.

Umeshafanyiwa, na sasa una wasiwasi: shina lisilo na saruji linaweza kushuka milimita moja au mbili katika wiki za mwanzo, kisha likasimama. Kusimama huko ndiko kunakotafutwa, na huonekana kwa kulinganisha picha ya siku za mwanzo na ya miezi mitatu, ya mwaka, na za baadaye. Zihifadhi zote, na uende nazo kila miadi. Rudi mapema kama maumivu ya paja yanakushika unapoinuka na kuanza kutembea halafu yanalegea ukishapiga hatua kadhaa, kama mguu unaanza kufupika au kugeukia nje, au kama maumivu yaliyokuwa yamekwisha yamerudi ghafla baada ya kujikwaa. Usisubiri tarehe ya miadi kwa hilo la mwisho: acha kuukanyagia mguu huo na upigwe picha siku hiyohiyo.